Shajara ya mradi: kipanya kimoja cha gemu, kabla ya kununua vya ukumbi mzima

Jumatatu. Kazi yenyewe

Mpwa wangu ana ukumbi wa gemu Mbagala, kompyuta za mezani nane zimepangwa ukutani, na vipanya vyake vimechoka. Kimoja ukibonyeza mara moja kinahesabu mara mbili. Kingine gurudumu lake ukilizungusha kwenda chini ukurasa unapanda juu. Amekwisha kuvifungua, kuvipuliza na kuvifunga mpaka ameamua kubadilisha vyote kwa mpigo. Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, akaonyeshwa kipanya kisicho na jina kubwa. Boksi lake limeandikwa 26,000 DPI, 1000 Hz (maana ya namba hizi nitaeleza nikifika kuzipima), gramu 59, na kinatumika kwa waya au bila waya. Bei haifiki nusu ya vile vya kampuni zinazojulikana.

Akaninunulia kimoja, akaniletea nyumbani.

"Shikamoo mjomba. Kipime hiki. Ukisema kiko sawa, nabeba vyote wiki ijayo."

"Marahaba. Na nikisema hakiko sawa?"

"Basi nitakunywa chai nirudi nilikotoka."

Shajara hii nimeianza kwa sababu ya lile neno "kipime". Kila mtu anayejaribu kipanya hukishika, akacheza mechi mbili, akatoa hukumu: kiko fasta, au kinalagi, yaani kinachelewa. Lakini kati ya mkono na kile kinachoonekana kwenye kioo kuna meza, pedi, tundu la USB, mipangilio ya Windows, kioo chenyewe, na ukiwa mtandaoni kuna intaneti pia. Lawama zote hizo hubebeshwa kipanya kwa kuwa ndicho kilicho mkononi. Nataka niyatoe hayo moja moja, nione kinachobaki kuwa cha kipanya ni nini.

Vilivyo mezani: kipanya kipya, kimoja kikuukuu cha ukumbini, G102 yangu ya waya ya Logitech kama kipimo cha kulinganishia, laptopu yenye Linux Mint, rula ya shule, na rundo la DVD za filamu ambazo hakuna anayeziangalia tena. Hizo DVD zina kazi yake, nitafika huko.

Jumatatu usiku. Uzito

Jirani yangu ni sonara, na mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nilimkuta anafunga duka, akaniachia dakika chache. Kipanya kipya bila waya na bila kipokezi (kile kijidude cha kuchomeka kwenye USB ukitumia bila waya): gramu 60.8. Boksi linasema 59. Gramu moja na ushei sigombani nayo, rangi na gundi peke yake zinaweza kuileta.

Kile cha ukumbini kilisoma 112. Vya waya vina ujanja wake wa kupima: lazima uushike waya juu usiguse sahani, na usiuvute, maana ukilala kwenye sahani unaongeza na ukivutwa unapunguza. G102, ambayo Logitech wanaitaja kuwa gramu 85 bila waya, ilisoma 84 na pointi. Hapo nikaiamini mizani na mkono wangu.

Wengi wanaouza hawajastuka kwamba mambo ya uzito yamegeuka. Logitech G502 ya mwaka 2014 ilikuwa na gramu 121, na ndani ya boksi walikuwekea vyuma vitano vya gramu 3.6 kila kimoja ili uiongezee ukitaka. Uzito ulikuwa sifa. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ikatoa G Pro X Superlight isiyozidi gramu 63, na tangu hapo kila mtengenezaji anakimbilia kupunguza. Sababu haina uchawi. Kwenye michezo ya kulenga na kufyatua, mchezaji anakiondoa kipanya kwenye utulivu na kukirudisha kwenye utulivu mamia ya mara kwa mechi moja. Kila gramu inaanzishwa na kusimamishwa na kifundo chako cha mkono.

Jumanne. Jicho la chini

Boksi linadai kihisi, yaani jicho la chini linalosoma mwendo, ni PAW3395 cha PixArt. Hiyo ni kampuni ya Taiwan, na vihisi vyake ndivyo vimo kwenye sehemu kubwa ya vipanya vya gemu, vyenye jina na visivyo na jina. Kwenye karatasi za PixArt, 3395 inafika 26,000 DPI na kasi ya inchi 650 kwa sekunde. Dai la boksi basi linawezekana. Kama ndicho kilichomo kweli, hapo ni mpaka ufungue.

Parafujo zimefichwa chini ya miguu, ile plastiki laini inayoteleza mezani. Nilielekeza mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu kwenye kila mguu mpaka gundi ikalegea, nikaunyanyua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Ukitumia kisu unaukunja, na mguu uliokunjika haulali tena sawasawa, kona yake itakwaruza pedi siku zote. Miguu niliibandika juu ya karatasi ya nailoni gundi isishike vumbi.

Parafujo nne, kisha kifuniko kinainuka upande wa nyuma. Hapa taratibu: kuna utepe bapa unaounganisha sakiti ya vitufe vya juu na sakiti kuu, mwembamba kama karatasi, na ukivuta kifuniko kwa pupa unaung'oa na kidaka chake. Kidaka hicho ni kijiplastiki cheusi unachokiinua kwa ukucha, utepe unatoka wenyewe.

Ndani kumepangwa vizuri kuliko nilivyotegemea. Betri bapa ya 300 mAh imebandikwa kwa gundi ya pande mbili. Swichi mbili kubwa za vitufe vya mbele zina nukta ya waridi. Katikati, mgongoni mwa kihisi, namba imechongwa wazi: PAW3395. Boksi halikudanganya, na hilo nililisema kwa sauti peke yangu chumbani.

Nilipokifunga nikakielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu. Kwa macho, chini ya kipanya hakuna mwanga wowote. Kwenye simu kuna doa la zambarau linalometameta. Kihisi hiki kinamulika kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni ila kamera nyingi za mbele zinaudaka. Zile taa za rangirangi zinazozunguka ubavuni ni za kumvutia mnunuzi, hazina uhusiano wowote na kulenga.

Ukiondoa mapambo, kipanya ni kamera. Kinapiga maelfu ya picha ndogo za uso wa meza kila sekunde, kinalinganisha picha hii na iliyotangulia, kinajua kimesogea kiasi gani na upande gani. Kinatuma hesabu hiyo kwenye kompyuta. Majaribio yote yaliyobaki yanauliza kamera hiyo inaona vizuri kiasi gani na taarifa zake zinafika kwa wakati au la.

Jumatano. Rula

DPI ni idadi ya hatua ambazo kipanya kinatoa kikisogezwa inchi moja. Kikiwekwa 800, inchi moja ni hatua 800. Ni ahadi, na ahadi hupimwa.

Niliibana rula kwa vitabu vizito pande zote mbili, kipanya kikawa na njia moja tu, mbele na nyuma, sentimita 20 kamili kutoka kitabu hadi kitabu. Kwenye Linux kuna programu ndogo iitwayo mouse-dpi-tool inayosoma hatua moja kwa moja kutoka kwenye kifaa kabla mfumo haujaongeza chumvi yake. Sentimita 20 kwa 800 DPI zinatakiwa kutoa hatua 6,299. Nilichopata, kwenda na kurudi, kilicheza kati ya 6,470 na 6,510. Maana yake kile kinachoitwa 800 ni kama 824. Asilimia tatu juu.

Hilo si la kukifanya kirudishwe dukani. Vipanya vingi vina upotofu wa aina hiyo, na muhimu ni kwamba upotofu uwe uleule kila mara. Ila mchezaji anayehama kutoka kipanya kingine atauhisi bila kujua anahisi nini. Kwenye Counter-Strike, mchezo wa kulenga na kufyatua, kila hatua ya kipanya inazungusha macho ya mchezaji nyuzi 0.022 usikivu (mpangilio wa mchezo wa kasi ya kugeuka) ukiwa 1. Kwa 800 ya kweli, kuzunguka duara zima kunahitaji kusogeza kipanya sentimita 52 hivi. Kwa 824 ni 50 na nusu. Vijana wa ukumbini waliozoea kugeuka na kumkuta adui katikati ya kioo watampita kidogo, watasema kipanya kibovu. Dawa ni kushusha usikivu wa mchezo hadi 0.97, basi.

Na hizo 26,000? Nilijaribu, kwa kujifurahisha tu. Kwa 26,000 DPI milimita moja ni hatua zaidi ya elfu moja, kwa hiyo ukikisogeza milimita mbili mshale umevuka kioo chote cha 1920. Nilishindwa hata kubofya kitufe cha kufunga dirisha. Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi ndiyo ambayo hakuna mteja wa Mbagala atakayeigusa, na imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Halafu kuna Windows. Mipangilio yake ya kipanya ina kisanduku cha kuongeza usahihi wa mshale, na kinakuja kikiwa kimewekwa tiki. Jina ni zuri lakini kinachofanyika ni mshale kwenda mbali zaidi ukisogeza mkono haraka, hata kama umbali ni uleule. Michezo mingi mipya husoma kipanya moja kwa moja na kukipuuza. Ya zamani haikipuuzi. Nimemwambia mpwa wangu akiondoe kwenye kompyuta zote leo hii, kabla ya vipanya vipya. Alipiga simu jioni: "Mjomba, wateja wawili wameniuliza kama nimebadilisha vipanya."

Hawajui kwamba ni vilevile.

Alhamisi. DVD zinapata kazi

Mchezaji anayetumia usikivu mdogo husogeza kipanya, hufika ukingoni mwa pedi, hukiinua, hukirudisha katikati. Kinapoinuliwa kinatakiwa kiache kusoma mara moja. Kikiendelea kuona meza kutoka juu, mshale unaruka kila anapokitua.

Kupima hili hakuhitaji maabara. DVD ina unene wa milimita 1.2. Unaziweka mbili ubavu kwa ubavu juu ya pedi, unaacha mwanya katikati, miguu ya kipanya inakaa juu ya DVD na jicho linatazama pedi kupitia mwanya. DVD moja kila upande: mshale unasogea. Mbili kila upande, yaani milimita 2.4: hausogei kabisa. Programu yake ina chaguo la milimita 1 na 2, mimi nilikuwa kwenye 2. Nikaweka 1, DVD moja ikatosha kukipofusha. Safi.

Kile kikuukuu cha ukumbini kiliendelea kusoma juu ya DVD tatu.

Nyuso: pedi ya kitambaa, vizuri. Ubao wa mninga wa meza yangu, vizuri, ingawa miguu inalia. Kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, kile cha sebuleni, kilisoma vizuri kwenye maua na kikawa na mitetemo kidogo kwenye sehemu nyeupe inayong'aa. Kioo cha meza ya kahawa, hakuna kitu. Kamera inatafuta vikwaruzo na nyuzi za kulinganisha na kioo kisafi hakina. Logitech waliuza teknolojia ya kusoma juu ya kioo tangu 2009, ila kwa vipanya vya ofisini, na mcheza gemu hana sababu ya kuitaka. Pedi ya kitambaa ni rahisi kuliko yote haya.

Jaribio ninalolipenda nimelifanya mwisho. Weka mshale juu ya alama kwenye kioo, kipanya kikiwa kimeegemea kitabu. Kisogeze mbali kwa nguvu zako zote, kisha kirudishe polepole mpaka kitabuni. Kama jicho lilipotea njiani mshale hautarudi kwenye alama. Kipya kilirudi kila mara, kikipishana upana wa herufi. Inchi 650 kwa sekunde ni mita 16.5, na mkono wangu haukaribii hata nusu yake, kwa hiyo hapa hakuna mshangao. G102 nayo ilirudi. Kikuukuu kilipotea kabisa, mshale uliishia upande wa pili wa kioo. Hii ndiyo sababu hasa ya malalamiko ya ukumbini kwamba "ukigeuka haraka inakutazamisha chini", na nafurahi nimeiona kwa macho, maana nilidhani vijana wanatia chumvi.

Ijumaa. Hz

Kipanya hakisemi na kompyuta muda wote. Kompyuta inakiuliza, kinajibu. Vya kawaida vinaulizwa mara 125 kwa sekunde, kila milisekunde 8. Vya gemu mara 1000, kila milisekunde 1, na hiyo ndiyo 1000 Hz. Kwenye Linux programu ya evhz inakuonyesha mara hizo unapokizungusha kipanya.

Kwa waya: 1000, wakati mwingine 998, thabiti. Bila waya, kipokezi kikiwa kwenye tundu la mbele la laptopu: 1000. Nikahamia kwenye kompyuta ya mezani, kipokezi nyuma, kando yake kuna diski ya nje ya USB 3.0 inanakili mafaili. Namba zikaanza kuyumba, 700, 940, 610, na mshale ukawa unakwama na kuruka.

Kwa haraka ningesema kipanya kibovu. Nikaichomoa diski, 1000 ikarudi. Jambo hili lina historia: mwaka 2012 Intel walitoa waraka unaoeleza kwamba mawasiliano ya USB 3.0 yanatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo ya vipanya visivyo na waya, Wi-Fi na Bluetooth. Kipokezi kilichochomekwa ubavuni mwa tundu la buluu, lile la USB 3.0, linalofanya kazi kinazibwa masikio. Ndiyo maana vipanya vya bei kubwa huja na kebo ndogo ya kurefusha, ili kipokezi kikae mezani karibu na mkono na mbali na mgongo wa kompyuta. Boksi hili halina kebo hiyo. Nilitumia ya zamani niliyokuwa nayo, na hata diski ikinakili namba hazikushuka tena chini ya 990.

Sasa fikiria kompyuta nane mstari mmoja, vipokezi vinane, ruta ya Wi-Fi ukutani, na simu za wateja mifukoni. Nimeandika pembeni: *kwa ukumbi, waya.*

Mpwa wangu kaona mtandaoni kipanya cha 8000 Hz, akanitumia picha na alama ya kuuliza. Hicho kinaulizwa kila milisekunde 0.125. Kinahitaji USB ya kasi zaidi kuliko ile inayotosha 1000, na kinaipa prosesa kazi ya kujibu mara elfu nane kila sekunde. Kompyuta za ukumbini zina prosesa za zamani na vioo vya 60 Hz. Kioo cha 60 Hz kinachora picha mpya kila milisekunde 16.7. Nilimjibu kwa kifupi: fedha hiyo nunua kioo cha 144 Hz, kitachora kila milisekunde 6.9, hilo mteja ataliona bila kuambiwa.

Jumamosi. Mbagala

Siku ya watu wengi. Nilikipeleka kipanya ukumbini, nikakichomeka kwa waya kwenye kompyuta ya pembeni, usikivu 0.97, sikumwambia mtu kitu. Nilitaka nione watakachosema wenyewe.

Wa kwanza, kijana wa kidato cha nne, alikishika, akakiinua, akakigeuza kutazama chini, akaniuliza, "Anko, hiki kina kitu ndani kweli?" Wepesi ndio uliomshtua. Mechi ya kwanza alikuwa anapitiliza kila shabaha. Baada ya muda alitulia, na alipoondoka akaacha kukidharau. Waliofuata walifanana naye: mwanzo wanakiona kama mwanasesere, baadaye hawataki kurudi kwenye kile cha gramu 112.

Mtandaoni mambo mengine. Seva za Counter-Strike 2 zilizo Afrika ziko Johannesburg, na kutoka Dar es Salaam hata mtandao ukiwa mzuri unasubiri makumi ya milisekunde kwenda na kurudi, ndiyo wanayoiita pingi. Kupanda kutoka 125 hadi 1000 Hz kunakuokolea milisekunde 7 kwa hali ya juu kabisa. Siku ambayo pingi inapanda na kushuka, milisekunde 7 hazipo. Lakini kijana akicheza ndani ya ukumbi, kompyuta kwa kompyuta, pingi ni kama haipo, na hapo ndipo kipanya kizuri kinajitokeza. Na mashindano yake ya Jumamosi, yale ya kulipia kiingilio, ni ya ndani. Kwa hiyo hoja ya kununua ipo.

Joto. Mapangaboi mawili kwa watu ishirini. Kipanya kipya kina ngozi ya mpira laini, ikiwa kavu inashika vizuri. Baada ya saa kadhaa za mikono yenye jasho ikawa inateleza na kuonyesha alama za vidole, na ilibidi kuifuta kila mteja akitoka. Ngozi za namna hii kwa hali ya hewa ya Pwani sina imani nazo, nimeona redio za magari na rimoti ambazo mpira wake uligeuka ulimbo. Plastiki ya kawaida yenye ukwaru, kama ya G102, ingefaa zaidi. Nimeliandika kama kasoro, na ni kasoro kubwa kuliko ile ya asilimia tatu.

Vumbi. Pedi za ukumbini zina mchanga. Mchanga wa kweli, unausikia kwa kidole, mlango uko wazi barabarani. Miguu ya kipanya ni PTFE, ileile ya vikaango visivyogandisha, ni laini, na punje ikijikita ndani yake inachora pedi kila unaposogeza. Hakuna kihisi kitakachosaidia hapo. Pedi zote zikafuliwe kwa sabuni ya unga na maji ya baridi, zianikwe kivulini zikiwa zimelala. Kijana anayesimamia alinitazama kama nimemtukana, halafu akazikusanya.

Jumapili. Swichi

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri, maana vipanya vya zamani vimeuawa na swichi kuliko jicho.

Ndani ya swichi ya kawaida kuna kibati chembamba kinachopinda na kugusa kituo cha chuma. Kinapogusa hakitulii papo hapo, kinadunda kama geti la chuma lililosukumwa kwa nguvu, linagonga mara mbili tatu ndipo linatulia. Kwa kompyuta kila kugonga ni mbofyo. Ili isihesabu hivyo, programu iliyomo ndani ya kipanya husubiri milisekunde chache baada ya mguso wa kwanza na kupuuza yanayofuata. Swichi ikizeeka, kibati kikilegea au chuma kikipata kutu, kudunda kunarefuka kupita muda wa kusubiri. Hapo ndipo mbofyo mmoja unakuwa miwili.

Kipanya hiki kinakuruhusu kuchagua muda huo wa kusubiri. Wauzaji wanasifia sifuri, kwa kuwa kusubiri ni kuchelewa. Niliweka sifuri na kubofya polepole, kwa kidole kilicholegea, jinsi mtu aliyechoka anavyobofya. Mibofyo miwili ikaanza kujitokeza, hapa mmoja, pale mmoja. Kwenye milisekunde 2 ikapungua. Kwenye 4 sikuipata tena hata nilipoitafuta. Kwa ukumbi nitaweka 8: swichi ni mpya leo, mwakani hazitakuwa mpya, na hakuna mteja atakayehisi milisekunde 4 za ziada kwenye kioo kinachochora kila 16.7.

Kuna swichi za mwanga zisizo na tatizo hili. Kitufe kinafungua njia ya mwale badala ya kugusanisha chuma, hakuna kinachodunda. Razer Viper ya 2019 ilikuja nazo. Kwa mashine ya kukodishwa kutwa nzima ndizo hasa ningezitaka, ila bei inatupeleka kule tulikokimbia.

Kitufe cha kushoto na cha kulia vina sauti moja, vyema. Kitufe cha pembeni cha mbele kinacheza ukikisukuma kwa dole gumba, kinatoa kelele bila kubofya. Gurudumu lina ngazi unazozihisi, halirudi nyuma.

Jumanne. Betri na waya

Bila waya, taa zimezimwa, 1000 Hz, chaji ilivuka siku kadhaa za matumizi ya kawaida nyumbani. Sikuendelea na jaribio hili maana uamuzi wa ukumbi umeshaelekea kwenye waya, na betri ambayo haitatumika haina haja ya kupimwa mpaka iishe.

Waya wenyewe sasa. Umesukwa kwa nyuzi, mlegevu, hauvuti kipanya. Ule wa kikuukuu mgumu kiasi kwamba ukiupinda unabaki hivyo, na kila mchezaji anayegeuka anapambana nao. Ila kichwa cha USB-C cha waya mpya kinaingia kwenye mdomo mwembamba ulio ndani ya ganda, na waya mwingine wa kawaida hauingii. Ukikatika huo, huchukui wowote wa simu. Nilimtuma mpwa wangu akaulize dukani kama wanauza waya peke yake. Hawana.

Alhamisi. Simu

Nilimsomea kila kitu, uzuri na kasoro. Kihisi ni cha kweli, uzito ni wa kweli, DPI inazidi kwa asilimia tatu na haiyumbi, kipokezi kinahitaji kebo, ngozi itakufa kwa jasho, waya hauna mbadala.

"Kwa hiyo nichukue nisichukue?"

Nikamwambia asichukue hivi. Muuzaji huyohuyo ana kaka wa kipanya hiki: umbo lilelile, waya uliofungwa moja kwa moja ndani, hakina betri, plastiki ya ukwaru. Kihisi ni PMW3360, cha zamani zaidi, mwisho wake ni 12,000 DPI na inchi 250 kwa sekunde. Hiyo ni mita 6.35, na hakuna mkono Mbagala utakaoipita. Bei iko chini zaidi, hakuna kipokezi cha kupotea mfukoni mwa mtu, na waya ukikatika naufungua mwenyewe na kuuchomelea.

Alinyamaza kidogo. "Lakini mjomba, boksi lake limeandikwa 12,000 tu. Wateja wanasoma boksi."

"Utawawekea boksi mezani?"

Anachukua viwili kwanza, Jumamosi vinaingia kwenye mashindano. Miguu ya akiba nimemwambia anunue seti tatu. Hiki cha 3395 kinabaki kwangu, mguu wake mmoja umeshaanza kubanduka kona pale nilipoupasha moto, nitaubadilisha mwisho wa mwezi.